Mtoto amekwama kwenye Morse? Saa moja ya shindano inaweza kumnasua

Wiki za kwanza za kujifunza Morse huwa tamu. Leo mtoto anaijua herufi K, kesho M, keshokutwa R, na kila jioni ana kitu kipya cha kuwaonyesha wazazi. Halafu inafika siku herufi zote 26 anazijua, lakini akiwasha redio anasikia milio inayokimbia tu. Anajaribu wiki moja, mbili, tatu. Kasi haipandi. Anavua hedifoni na kusema kitu hiki hakiwezi.

Kwa familia zenye redio za ridhaa huko Marekani na Ulaya, hatua hiyo inafahamika sana. Ndipo wanafunzi wengi wanapoachia njiani, wadogo kwa wakubwa. Ndipo pia mzazi anapoweza kukosea, akadhani mtoto amekuwa mvivu au hana kipaji.

Siku hizi dawa inayotumiwa na wengi ni ndogo kuliko mtu anavyotarajia: shindano la saa moja, mara moja au mbili kwa wiki, kwa kasi ya wastani.

Kwa nini bado Morse?

Redio ya ridhaa ni shughuli ya watu wanaopewa leseni na serikali kuwasiliana kwa mawimbi ya redio bila kufanya biashara. Kwa miaka mingi, aliyetaka kutumia masafa mafupi alilazimika kufaulu mtihani wa Morse. Mwaka 2003, mkutano wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) uliziachia nchi uhuru wa kuamua, na Marekani ikaufuta mtihani huo mwaka 2007.

Wapo waliodhani huo ungekuwa mwisho wa Morse. Haikuwa hivyo. Mwaka 2014 Ujerumani iliiingiza Morse katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, na hewani milio hiyo inasikika kila siku. Tofauti ni kwamba anayejifunza sasa anafanya hivyo kwa kupenda. Akichoka, hakuna mtihani wa kumrudisha. Kwa hiyo namna anavyofanya mazoezi ndiyo inayoamua kama atabaki.

Sikio linakwama wapi

Tatizo la kukwama si geni. Mwaka 1897 na 1899, watafiti wawili wa Marekani, William Lowe Bryan na Noble Harter, walichapisha matokeo ya kuwapima watu waliokuwa wakijifunza kazi ya telegrafu. Waliona kwamba uwezo wa kutuma hupanda haraka, lakini uwezo wa kupokea hupanda, unasimama kwa muda mrefu, kisha unapanda tena. Maelezo yao yalikuwa kwamba mwanafunzi huanza kwa kusikia herufi, baadaye maneno, na mwishowe mafungu ya maneno. Anaposimama, anakuwa bado hajahama ngazi.

Hesabu ya kasi inasaidia kuona jambo hilo. Kasi ya Morse hupimwa kwa maneno kwa dakika, neno la kipimo likiwa PARIS. Kwa kasi ya maneno 10, nukta moja huchukua milisekunde 120. Mtoto ana nafasi ya kuhesabu: nukta, kistari, nukta, hiyo ni R. Kwa maneno 20, nukta ni milisekunde 60. Kwa maneno 25 ni 48. Hapo hakuna nafasi ya kuhesabu. Anayehesabu atakuwa bado yuko kwenye herufi ya kwanza wakati ya tatu imeshapita.

Ndiyo maana walimu wengi wa leo hufuata njia iliyobuniwa na mwanasaikolojia Mjerumani, Ludwig Koch, katika miaka ya 1930. Mtoto huanza na herufi mbili tu, lakini zikitumwa kwa kasi kamili. Akipata asilimia 90, anaongezewa moja. Anaizoea herufi kama mlio mmoja, kama anavyoitambua sauti ya bibi yake kwenye simu kabla hajataja jina.

Hata hivyo, kukwama si lazima. Mwanasaikolojia wa Marekani, Fred Keller, aliyefundisha Morse kwa askari wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aliandika mwaka 1958 akipinga wazo kwamba kila mwanafunzi ni lazima asimame njiani. Kwa mzazi, hoja yake ni habari njema: badala ya kumlaumu mtoto, kwanza yaangaliwe mazoezi yake.

Saa moja, mambo yaleyale mawili

Mashindano makubwa ya redio huchukua siku nzima au mbili, na kasi yake humtisha anayeanza. Haya mafupi yako tofauti.

Klabu ya K1USN ya Massachusetts, Marekani, huendesha shindano la kasi ndogo lijulikanalo kwa kifupi kama SST. Ni saa moja, na kasi haitakiwi kuzidi maneno 20 kwa dakika. Kipindi kimoja huangukia Jumapili jioni kwa saa za Marekani, wakati familia nyingi ziko nyumbani.

Ngazi inayofuata ni MST, shindano la kasi ya wastani linaloendeshwa na baraza la wapenzi wa Morse liitwalo ICWC. Nalo ni saa moja, na kikomo ni maneno 25. Hufanyika mara tatu kila wiki, ili watu wa mabara tofauti wapate muda unaowafaa.

Juu yake yako yale ya klabu ya CWops, ya saa moja pia, kila Jumatano na Alhamisi, ambayo wazoefu hukimbia zaidi.

Katika MST, mmoja anaita. Mwingine anajibu kwa kutuma alama ya kituo chake, yaani mchanganyiko wa herufi na tarakimu anaopewa pamoja na leseni. Kisha kila mmoja anamtumia mwenzake mambo mawili tu: jina lake la kwanza, na namba inayoonyesha hayo ni mawasiliano yake ya ngapi katika saa hiyo. Wanashukuriana na kuachana. Yote hayo huisha kwa chini ya nusu dakika.

Mtoto anapata nini hapo? Anajua kitakachokuja, kwa hiyo hofu inapungua. Lakini hajui ni jina gani wala namba ipi, kwa hiyo ni lazima asikilize. Akikosa, anatuma alama ya kuuliza na mwenzake anarudia. Akijibu polepole, desturi ni mwenzake kupunguza kasi ili walingane. Akikosea kabisa, amepoteza alama moja katika shindano lisilo na zawadi ya pesa, na baada ya sekunde chache kuna mtu mwingine anayeita.

Anayeanza anaweza kumaliza saa nzima akiwa na mawasiliano matano. Wiki ijayo akapata manane. Majina ya watu walewale yanarudi, na mtoto anaanza kuyatambua kabla hayajamalizika kutumwa. Hapo anakuwa ameanza kusikia maneno, ile ngazi ya pili waliyoieleza Bryan na Harter.

Kidogo kidogo huzidi kingi cha mara moja

Ufupi nao una faida yake. Mwaka 1978, watafiti wa Uingereza, Alan Baddeley na Longman, waliwalinganisha wafanyakazi wa posta waliokuwa wakijifunza kupiga chapa. Waliofanya saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache zaidi kufikia kiwango kilekile kuliko waliofanya saa nne kwa siku.

Kulikuwa na jambo moja la kushangaza. Kundi hilo la saa moja ndilo lililoridhika kidogo zaidi na ratiba yake, kwa sababu siku za mafunzo zilikuwa nyingi. Mzazi akumbuke hilo. Mtoto anayesonga mbele vizuri anaweza kuwa ndiye anayelalamika kwamba hafiki.

Ubongo nao hubadilika. Mwaka 2010, watafiti wa Regensburg, Ujerumani, waliripoti kwamba watu waliojifunza Morse walionekana kuongezeka tishu za kijivu katika eneo la nyuma la ubongo, upande wa kushoto, linalohusishwa pia na usomaji. Washiriki walikuwa watu wazima na walikuwa wachache. Utafiti huo hauthibitishi kwamba Morse humfanya mtoto afaulu hesabu au Kiingereza. Unachoonyesha ni kwamba sikio likifundishwa, ubongo nao unajipanga upya, na kujipanga huko huchukua muda.

Namna ya kuanza

Hatua ya kwanza ni kusikiliza tu. Mtoto akae na karatasi saa ya shindano, aandike kila jina analolinasa. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ni makao ya redio inayosikilizwa bure na mtu yeyote kwa intaneti, hata kwa simu, kwa hiyo mtu haitaji antena kuanza.

Ya pili ni programu ya kompyuta iitwayo Morse Runner, inayoigiza shindano na kumwita mwanafunzi kama watu halisi. Humo anaweza kukosea apendavyo.

Ya tatu ni SST, na akishazoea maneno 18 hadi 20, ahamie MST. Asisubiri awe hodari. Kasi inayofaa ni ile inayomlazimisha kukaza sikio kidogo lakini bado inamwachia majina kadhaa aliyoyapata mwenyewe. CWops pia ina mafunzo ya bure kwa intaneti, ya wiki 8, yenye ngazi tofauti.

Kuna njia ya mkato ya kuepuka. Zipo programu zinazosoma Morse na kuiandika kwenye skrini, na yapo mafaili yanayojaza jina la mtu mara tu alama ya kituo chake inapoandikwa. Mtoto akivitegemea, matokeo yatapendeza na sikio litabaki palepale.

Mambo ya mzazi kuangalia

Masikio. Redio ya masafa mafupi ina kelele na mipasuko ya ghafla, hasa wakati wa radi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wasizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Saa moja haina shida ikiwa sauti ni ya chini. Ukiisikia milio ya hedifoni ukiwa umesimama pembeni, mwambie apunguze.

Usingizi. Kwa saa za Afrika Mashariki, vipindi vya MST ni Jumatatu saa 10 jioni na saa 4 usiku, na Jumanne saa 12 asubuhi. Cha saa 10 jioni kinamfaa mwanafunzi aliyerudi shuleni. Cha saa 4 usiku si cha mtoto. Wataalamu wa usingizi wanashauri watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. SST nayo huku kwetu huangukia saa 5 na saa 9 usiku, hivyo ni ya watu wazima.

Leseni. Kutuma mawimbi bila leseni ni kosa. Marekani haina umri wa chini wa kupata leseni, na mtoto asiye nayo anaweza kutumia kituo akisimamiwa na mwenye leseni. Tanzania, leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo. Uliza masharti huko kabla ya kununua kifaa chochote. Vituo vya Tanzania huanza na alama 5H na vya Kenya 5Z. Kwa kuwa husikika kwa nadra, kijana atakayefika hewani na alama hizo asitarajie kukosa wa kuzungumza naye.

La mwisho ni maneno ya mzazi. Shindano likiisha, usianze na swali la alama ngapi, wala usimlinganishe na mwenye mia. Muulize amenasa jina gani ambalo wiki iliyopita lilimpita. Akikosa hata moja, mwambie Jumatatu ijayo wataita tena, saa ileile. Kisha mwache akale chakula cha jioni.