Hanzi si Herufi: Kujifunza Kuandika 中

Mwezi wa Desemba 2022 Shirika la Reli Tanzania lilitiliana saini na kampuni mbili za China mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 506 kutoka Tabora hadi Kigoma, mji ambao reli ya zamani iliufikia mwaka 1914. Majina ya kampuni hizo, yakiandikwa kwa Kichina, yote mawili huanza na alama moja: 中. Kwa hiyo mkazi wa Kigoma au Ujiji anayetaka kuanza kujifunza maandishi ya Kichina ana sababu ya kuanza na hii. Lakini kwanza yatupasa kujiuliza: tuiiteje? Wengi husema ni "herufi ya Kichina". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina hilo humpotosha mwanafunzi tangu siku ya kwanza.

Herufi ni alama ya sauti. Mtoto wa Ujiji aliyesoma chuoni alianza na alifu, be, te. Aliyekwenda shule alianza na a, e, i, o, u. Kwa njia zote mbili alijifunza alama chache, zisizofika arobaini, kisha akaweza kulitamka hata neno asilolijua. Herufi b peke yake haina maana yoyote. Sasa tuitazame 中.

Kuiandika. Alama hii ina mistari minne, na kila mstari huandikwa bila kunyanyua kalamu. Wa kwanza ni mfupi, nao hushuka upande wa kushoto. Wa pili huanzia kichwani mwa ule wa kwanza, ukaenda kulia, kisha ukapinda na kushuka. Wa tatu hufunga kisanduku kwa chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Wa nne ni mrefu. Hushuka kutoka juu, ukakipasua kisanduku katikati na kutokeza chini. Utaratibu huu haubadilishwi ovyo: mstari unaopasua katikati huja mwisho.

Kuitamka. Husomwa karibu na jung', yaani hufungwa kwa sauti ile ya mwanzo wa neno ng'ombe. Toni yake iko juu, nayo hainyanyuki wala haishuki. Ikitamkwa kwa toni inayoporomoka, maana hugeuka kuwa kulenga shabaha na kuipata. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni, lakini Kiha hutumia toni. Hivyo msemaji wa Kiha si mgeni kabisa wa jambo hili, ijapokuwa toni zenyewe si zilezile.

Kuitumia. Maana yake ni "kati". Ikitangulia guo, yaani "nchi", tunapata 中国, Zhongguo, "nchi ya kati", nalo ndilo jina la China kwa Kichina. Ikifuata neno la maji, 水, tunapata 水中, "majini". Ikifuata neno la ziwa, 湖, tunapata 湖中, "ziwani". Na ikifuata neno la moyo, 心, tunapata 心中, "moyoni". Msomaji ataona kwamba hapa 中 inafanya kazi ya kiambishi chetu -ni. Alama moja imebeba silabi nzima pamoja na maana yake. Herufi haifanyi hivyo.

Madhara ya kutumia jina lisilofaa ni dhahiri. Mwanafunzi aliyeambiwa "herufi" hutazamia kuzimaliza kwa majuma machache. Akikuta kwamba jedwali rasmi la China la mwaka 2013 lina alama 8,105, na kwamba 3,500 kati ya hizo ndizo za daraja la kwanza, hukata tamaa. Naye mfasiri akiandika kwamba jina la China lina herufi mbili, msomaji atazihesabu katika Zhongguo na kukuta nane.

Tumepima maneno yaliyomo katika lugha yetu. "Alama" ni pana mno. "Picha" haifai, kwani nyingi si picha za vitu. "Neno" halifai, maana maneno mengi ya Kichina huandikwa kwa alama mbili au zaidi. "Silabi" hutaja sauti na kuacha maana. Kwa kuwa utaratibu wa kuunda istilahi huruhusu kukopa pale neno la nyumbani linapokosekana, tunapendekeza kukopa jina linalotumiwa na Wachina wenyewe: hanzi. Linamalizikia kwa irabu, linatamkika bila taabu, na lifuate ngeli ya I-ZI: hanzi hii, hanzi hizi.

Tangu mwaka 2013 Kichina kimekuwa kikifundishwa katika taasisi za Confucius kwenye vyuo vikuu vya Dodoma na Dar es Salaam, na vitabu vya kufundishia kwa Kiswahili vitahitajika. Afadhali neno hili litengenezwe sasa, kabla kosa halijazoeleka. Walimu na wafasiri wanaombwa walijaribu katika kazi zao na kutuletea maoni.