Skripti Ni Ileile, Msomaji Ndiye Aliyebadilika

Oktoba 2006 lilipotoka toleo la Ubuntu 6.10, skripti zilizokuwa zikifanya kazi bila tatizo zilianza kukwama, na hakuna aliyekuwa amezigusa. Kilichobadilika ni kiungo kimoja tu: /bin/sh, iliyokuwa ikielekea kwenye bash, sasa ilielekea kwenye dash, sheli ndogo na nyepesi zaidi. Lengo lilikuwa jema. Kompyuta inapowaka huendesha skripti nyingi fupifupi, na dash huzimaliza upesi.

Sheli ndiyo programu inayosoma amri, ziwe umeziandika kwenye terminali au zimepangwa kwenye skripti, na kuzitekeleza. Stephen Bourne wa Bell Labs aliandika sh iliyotoka 1979, Brian Fox akatoa bash mwaka 1989, Paul Falstad akaja na zsh mwaka 1990, na fish ikafuata 2005. Bash na zsh zinaelewa karibu yote ya sh, kisha kila moja imeongeza yake. Kwenye hizo nyongeza ndipo watu wengi wanapokwama.

Tazama mstari huu wa skripti ya kuhifadhi nakala za akiba:

if [[ -d /mnt/akiba ]]; then

Bash inaelewa kwamba unauliza kama folda hiyo ipo. Dash haiyajui mabano hayo mawili mawili. Inatafuta programu yenye jina [[, inaikosa, inaandika "[[: not found", kisha inaendelea na safari. Kwa kuwa amri imeshindikana, if inahesabu jibu kuwa "hapana" na kwenda moja kwa moja kwenye else. Diski imechomekwa, folda ipo, lakini skripti inaamini haipo. Kama kazi hiyo huanzishwa usiku na cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba ambayo kwa kawaida hutumia /bin/sh, mwenye data anaweza kukaa muda mrefu bila nakala na asijue. Kosa linalosimamisha kazi ni afadhali mara mia kuliko hili.

Kwa hiyo kabla ya kuilaumu programu, uliza ni nani anayesoma. Kwenye Linux, amri ls -l /bin/sh itakuonyesha sh ya mashine yako inaelekea wapi. Usiitegemee $SHELL, kwani hiyo hutaja sheli uliyopangiwa unapoingia, si lazima iwe ndiyo unayoitumia sasa. Kisha fungua skripti uangalie mstari wa kwanza, ule unaoanza na #!. Huo ndio unaouambia mfumo skripti isomwe na nani. Ukiandika sh kazi.sh, mstari huo haufuatwi tena, hata kama unataja bash. Iendeshe kwa ./kazi.sh baada ya kuipa ruhusa ya chmod +x.

Kwenye Mac, zsh ndiyo sheli ya kawaida tangu Catalina ya 2019, na bash iliyomo bado ni 3.2, hivyo amri ya declare -A, iliyokuja na bash 4.0 mwaka 2009, inakataliwa. Zsh nayo huanza kuhesabu orodha kwenye 1 wakati bash huanza kwenye 0.

Fish ni nzuri mno kwa kuandika amri kwa mkono, na naipendekeza. Skripti yenye #!/bin/bash ukiiendesha ndani yake itasomwa na bash kama kawaida. Shida huja unapotumia source, kwa sababu hapo fish inaisoma yenyewe. Ndiyo maana mazingira ya venv ya Python huja na faili la activate.fish kando ya activate. Anayetumia fish achukue hilo.

Skripti utakayowapa wengine iandike kwa sh tupu, au utaje bash waziwazi kwenye mstari wa kwanza, kisha uipitishe kwenye ShellCheck, programu ya bure inayotaja mistari mingi ambayo sheli uliyoitaja haitaielewa. Na ukipewa skripti isiyo na mstari wa #!, mrudishie mwandishi autie kabla hujaiendesha kwenye seva yenye data za watu.