Pisti ya ndege: kwa nini huku kwetu lazima iwe ndefu

Kwa sisi watu wa Koni na Likasi, uwanja mkubwa wa ndege ulio karibu ni Luano, kule Lubumbashi. Pisti yake, yaani ile njia ya lami ndege inamokimbilia, iko na mita 3203. Kuna wanaouliza: urefu wote huu wa nini? Huko Japani, kisiwa cha Minamidaito, kilicho baharini mashariki ya Okinawa, kinaishi na pisti ya mita 1500, na ndege za abiria zinatua.

Jibu ni mwinuko. Minamidaito iko karibu na usawa wa bahari. Luano iko mita 1300 hivi juu, Goma inapita 1500. Huku juu hewa ni nyepesi: mabawa hayapati cha kuegemea na motere zinapoteza nguvu, basi ndege inakimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Hata kutua, inagusa lami ikiwa na mbio zaidi, na breki zinachukua muda. Wahandisi wanahesabu hivi: kila mita 300 za mwinuko, ongeza asilimia 7 ya urefu. Ile pisti ya Minamidaito, ukiihamishia Goma, ingehitaji kama mita 2000, na joto bado halijahesabiwa.

Watu wa Goma wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Kabla vita havijaufunga uwanja wao Januari 2025, ulikuwa umekwisha kuona mengine. Pisti ilikuwa ya mita 3000. Januari 2002 Nyiragongo ikalipuka, moto wake ukafunika karibu mita 1000 upande wa kaskazini. Ndege kubwa zikaendelea kutumia kipande kilichobaki. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora iliyokuwa inaelekea Kisangani na Kinshasa ikashindwa kuruka, lami ikaisha, ikaingia Birere, kati ya nyumba na soko. Wengi waliokufa hawakuwa abiria. Walikuwa watu waliokuwa kwenye shughuli zao.

Ndiyo maana mwisho wa pisti unaachwa wazi, hata kama unaonekana ni shamba la bure. Ukiuziwa parseli upande huo, hata karatasi zikiwa na muhuri, nenda kwanza RVA uulize mpaka wa uwanja unapita wapi.