Kubadilishana wanafunzi wa uhandisi kuwe kikoa

Haupiti mwaka bila sisi kusoma magazetini kwamba chuo kikuu fulani kimetia sahihi mkataba wa maelewano na chuo kingine cha ng'ambo. Picha huwa ni ile ile: naibu chansela na mgeni wake wameshikana mikono, bendera mbili zimesimama nyuma yao, na mkuu wa kitivo cha uhandisi anatabasamu pembeni. Habari yenyewe hutuarifu kwamba vyuo hivyo vitabadilishana wanafunzi na wahadhiri. Baada ya hapo, kimya. Ni nadra mwandishi kurudi miaka mitatu baadaye kuuliza ni wanafunzi wangapi waliokwenda, ni wangapi waliokuja, na ni masomo mangapi kati ya waliyosoma ugenini yaliyohesabiwa katika shahada zao waliporejea.

Swali hilo la tatu ndilo lenye uzito, na nitalirudia hapa chini. Kwanza tulitazame neno lenyewe, kubadilishana.

Waswahili wana desturi ya kula kikoa. Watu hula pamoja kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka zamu imfikie kila mmoja. Anayekula kwa wenziwe siku zote na kwake hakupikwi, huyo haitwi mwanakikoa, huitwa mdoezi. Nasikitika kusema kwamba mipango mingi ya vitivo vyetu vya uhandisi kuhusu ushirikiano wa kimataifa imejengwa juu ya kudoea. Inataja nchi tunazotaka wanafunzi wetu wapelekwe. Inataja wafadhili wanaotarajiwa kulipa nauli. Lakini ukitafuta mahali panapoeleza mwanafunzi wa kigeni atakuja kujifunza nini kwetu, atalala wapi na atafundishwa na nani, aghalabu utaambulia mstari mmoja, tena uliopachikwa mwishoni.

Wenye kupinga watasema kwamba maskini hana cha kupika. Nitawajibu, lakini kwanza tuone waliofanikiwa walivyofanya, kwa maana wao hawakuanza na bendera na picha.

Mpango wa Erasmus ulipoanzishwa Ulaya mwaka 1987, ulikuwa na nchi 11 na wanafunzi 3,244 tu katika mwaka wake wa kwanza. Tangu hapo umewasafirisha mamilioni. Fedha zilisaidia, bila shaka, ila siri yake kubwa ilikuwa karatasi. Mwaka 1989 walianza kujaribu utaratibu wa kulipa kila somo uzito unaojulikana na wote, ambapo mwaka mzima wa masomo huwa na alama 60. Kabla mwanafunzi hajafunga sanduku lake, mkataba wa masomo hutiwa sahihi na pande tatu: yeye mwenyewe, chuo anakotoka na chuo anakokwenda. Mkataba huo hutaja atakachosoma huko na kitahesabiwa kuwa nini nyumbani. Akifaulu, amefaulu. Hakuna mhadhiri wa kwao atakayemwambia baadaye kwamba mitambo ya Munich si mitambo.

Shule za uhandisi zilikwenda mbele zaidi. Mwaka huo huo wa 1989, École Centrale ya Paris na wenzake walianzisha mtandao uitwao TIME, ambao humwezesha mwanafunzi kupata shahada mbili kutoka nchi mbili kwa kuongeza muda wa masomo. Hivi leo shule nyingi za uhandisi nchini Ufaransa hazimpi mtu shahada kama hajakaa nchi za nje kwa miezi kadhaa, ama masomoni ama kazini, na Kiingereza chake kisipofika kiwango kilichowekwa hahitimu, hata awe hodari wa hesabu namna gani. Ugeni kwao ni sehemu ya mtaala, wala si zawadi ya waliobahatika.

Sasa turudi nyumbani. Wanafunzi wetu wengi hawajui kwamba Afrika Mashariki iliwahi kuwa na kikoa cha aina hii. Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Afrika Mashariki kilifungua milango yake Nairobi mwaka 1956, na kutoka kwacho kikazaliwa Chuo Kikuu cha Nairobi tukijuacho. Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikaundwa, na kazi zikagawanywa: uhandisi Nairobi, udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam. Kijana wa Mwanza au Mbale aliyetaka kujenga madaraja hakuwa na njia ila kuja Nairobi, na Mkenya aliyetaka kuwa wakili alishika njia ya Dar es Salaam. Waliishi bweni moja, wakala meza moja, wakapigiana makelele juu ya siasa za nchi zao hadi usiku wa manane. Walipohitimu na kurudi makwao, waliweza kuandikiana barua kuhusu mabwawa na reli kama watu wanaojuana.

Mwaka 1970 chuo hicho kilivunjwa. Makerere ikaanzisha kitivo chake cha teknolojia mwaka huo huo, na Dar es Salaam ikafungua kitivo cha uhandisi mwaka 1973 kwa msaada wa Wajerumani. Sisemi kwamba ilikuwa dhambi. Nchi tatu zenye kiu ya wahandisi hazingetosheka na darasa moja, na idadi ya waliofundishwa tangu wakati huo yathibitisha hivyo. Kilichopotea ni ile hali ya somo la Nairobi kutambuliwa Kampala bila kuulizwa. Ilipita karibu nusu karne kabla ya wakuu wa nchi za Jumuiya kutangaza, mwezi Mei 2017, kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo ni jema. Hata hivyo, mwalimu yeyote wa uhandisi anayesoma makala haya na ajiulize: katika darasa lake la mwaka wa nne, ni Watanzania wangapi waliokuja kusoma muhula mmoja tu na kurejea kwao?

Nilisema nitawajibu wanaodai kwamba hatuna cha kupika. Na waende Olkaria.

Mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kazi huko mwaka 1981, ukiwa na uwezo wa megawati 15. Leo Kenya ina mitambo ya aina hiyo yenye uwezo wa zaidi ya megawati 900, na hakuna nchi nyingine barani inayoikaribia. Ujuzi huo haukushuka kama mvua. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilianzisha nchini Iceland mafunzo ya miezi sita ya jotoardhi, na tangu miaka ya 1980 Wakenya wamekuwa miongoni mwa waliohudhuria kwa wingi zaidi. Walikwenda kwenye baridi ile, wakajifunza kusoma miamba, kupima visima na kukokotoa nguvu za mvuke, wakarudi kazini. Ilipofika mwaka 2005, kozi fupi za mafunzo hayo zilianza kutolewa hapa hapa Kenya, kando ya Ziwa Naivasha, kwa ushirikiano na KenGen, na baadaye pia Kampuni ya Kustawisha Mvuke. Waliokaa kwenye madawati walikuwa Waethiopia, Watanzania, Wanyarwanda, Waganda na wengineo. Na miongoni mwa waliosimama mbele ya ubao walikuwemo Wakenya waliopitia Iceland. KenGen nayo ilipata kandarasi ya kuchimba visima nchini Ethiopia mwaka 2019, kisha Djibouti mwaka 2021.

Hicho ndicho kikoa, msomaji. Mtu alikula kwa mwenziwe, akajifunza kupika, na zamu yake ilipofika hakujificha. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kule Nyeri kimekwisha kuwa na taasisi ya mafunzo na utafiti wa jotoardhi. Kwa nini basi muhula wa jotoardhi usiwe ndio mlo ambao kila kitivo cha uhandisi nchini kinawaalikia wanafunzi wa Ujerumani, Japani na Tanzania, kwa masharti kwamba kila mgeni mmoja anafungua nafasi ya Mkenya mmoja kwenda kwao? Chuo cha mwenzio kikikuletea mwanafunzi, hakikudai karo ya wako. Hivyo ndivyo mipango ya nipe nikupe inavyofanya kazi, na kwa mtoto wa mkulima hiyo ndiyo tofauti kati ya kwenda na kutokwenda.

Sasa lile swali la masomo kuhesabiwa. Shahada ya uhandisi kwetu huchukua miaka 5. Tuseme mwanafunzi wa mwaka wa nne amekwenda Ulaya kwa muhula mmoja. Amesoma masomo matano, amefaulu yote, amerudi na hati yake yenye muhuri. Mwenyekiti wa idara anaitazama hati hiyo, anasema somo la mtiririko wa viowevu alilosoma huko lina saa chache za maabara kuliko letu, na lile la umeme halimo kabisa katika mtaala. Kijana anaambiwa ayarudie. Masomo hayo hutolewa mara moja kwa mwaka, na wenzake wamekwisha kuyapita. Basi amepoteza mwaka, na mzazi aliyechanga na jirani kumnunulia nguo za baridi anaulizwa karo nyingine. Mwaka unaofuata, nani katika darasa lile atajitolea kwenda?

Wala mwenyekiti wa idara hana ukaidi wa bure. Nyuma yake ipo Bodi ya Wahandisi wa Kenya, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2011, ambayo hukagua mitaala kabla ya kumsajili mhitimu. Hatujasahau jinsi wahitimu wa uhandisi waliosoma miaka mitano katika chuo cha umma walivyokataliwa usajili, mpaka kesi yao ikafika Mahakama ya Juu. Idara iliyoona hayo itaogopa kupokea somo la ugenini lisilofanana na lake. Dawa yake ni kuipeleka bodi mezani tangu mwanzo. Orodha ya masomo ya vyuo viwili au vitatu rafiki ikaguliwe mara moja, ikubaliwe kwa maandishi, na mwanafunzi akabidhiwe nakala kabla ya kuomba viza. Nchi nyingine zilianza zamani. Makubaliano ya Washington ya kutambuliana masomo ya uhandisi yalitiwa sahihi mwaka 1989, na Afrika Kusini ilijiunga nayo mwaka 1999. Chuo chenye mikataba 30 ambayo hakuna hata mmoja ulioambatanishwa na orodha kama hiyo kingefanya vyema kuichana 27 na kuishughulikia mitatu iliyobaki.

Kuna na suala la kalenda, ambalo halihitaji maneno mengi. Vyuo vya Ulaya huanza mwaka wao Septemba au Oktoba, na hilo halibadiliki. Vyetu huanza pale vinapojaliwa. Migomo ya wahadhiri ya mwaka 2017 na ya 2024 ilivuruga mihula ya nchi nzima, na mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya miezi mitano hawezi kukaa miwili akisubiri malipo ya malimbikizo yaafikiwe. Serikali inayotaka vyuo vyake viwe vya kimataifa na ianze kwa kuwalipa waliomo.

Jambo jingine laweza kuonekana dogo, lakini mimi silioni hivyo. Mgeni wa uhandisi anayekuja Kenya hufundishwa kwa Kiingereza darasani, kisha hupelekwa mahali pa ujenzi, na huko hukuta kwamba kazi inaendeshwa kwa Kiswahili. Fundi anazungumza juu ya nondo, kokoto, zege, timazi na pimamaji, na mgeni amesimama kama mlingoti. Kozi ya Kiswahili ya wiki sita, iliyopangwa na idara ya lugha pamoja na kitivo cha uhandisi, ingemfaa zaidi ya ziara ya mbuga ya wanyama. Na kusema kweli, ingewafaa pia baadhi ya wanafunzi wetu wenyewe, wajuao jina la kila sehemu ya mashine kwa Kiingereza na wasioweza kumweleza anayeitengeneza.

Limebaki suala la nani aende. Kwa kawaida tangazo hubandikwa ubaoni siku kumi kabla ya muda wa kuomba kwisha, likidai pasipoti. Mwenye pasipoti mkononi katika umri wa miaka 21 ni mtoto wa nani? Kitivo kinachofanya mambo kwa haki kingetangaza nafasi zake mwaka mmoja kabla, kikawasaidia wote waliofaulu mitihani ya mwaka wa pili kupata pasipoti, na kikajadiliana na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ili mkopo wa mwanafunzi usisitishwe awapo ugenini. Bima na nauli zigawanywe kati ya vyuo viwili na zitajwe kwa kiasi katika mkataba. Na katika bweni, kabla hata wa kwetu hajaondoka, chumba cha yule atakayekuja badala yake kiwe kimepakwa rangi, kina kitanda na kitasa kinachofunga.