Viini vikisisimka, nishati bado ni 'tuli'?

TUNAPOFUNDISHA fizikia kwa Kiswahili, nishati inayotokana na umbali baina ya vitu viwili tumezoea kuiita 'nishati tuli'. Kwa jiwe lililo juu ya rafu, istilahi hii haina neno. Je, inafaa viini viwili vizito vya atomu vinapokabiliana?

Mwaka 1911, Rutherford alieleza jinsi chembe za alfa zinavyotawanywa na karatasi nyembamba ya dhahabu. Alikichukua kiini kuwa kama nukta yenye chaji. Nguvu ya kusukumana ilitegemea chaji na umbali, basi. Lakini kiini kizito si nukta. Kikipokea nishati huweza kuzunguka au kutetemeka. Hali hiyo ndiyo tunayoiita msisimko.

Hapa Kakamega tunawajua mafahali wa Khayega. Anayetaka kukadiria pambano lao kwa kupima umbali pekee atakosea, maana kila mmoja humpandisha mwenzake mori kabla pembe hazijagusana. Viini navyo ni vivyo hivyo.

Tuchukue oksijeni-18 inayorushwa kwenye tungsteni-184 kwa nishati ya MeV 90. Vipimo vya mwaka 1977 vilionyesha kuwa viini vinavyotawanyika bila kusisimka hupungua mno kuliko kanuni ya Rutherford inavyotabiri. Si ajabu: tungsteni hiyo huhitaji takriban MeV 0.11 tu kuanza kuzunguka, na nguvu ya umeme huipa kiasi hicho ikiwa bado mbali. Mwaka uo huo, Love, Terasawa na Satchler walionyesha kwamba upungufu huo unaweza kuingizwa katika nishati ya mwingiliano yenyewe, kama sehemu ya ziada ya ufyonzaji inayofika mbali.

Msisimko huweza pia kurahisisha muungano. Samariamu-154, yenye umbo la kurefuka kama yai, huungana na oksijeni kwa wepesi zaidi kuliko samariamu-144 iliyo duara, hata nishati inapokuwa chini ya kizuizi cha msukumano.

Kwa hivyo nishati hii haitegemei umbali peke yake. Hutegemea pia nishati ya mgongano na yanayotokea ndani ya viini. Kuiita 'tuli' ni kumwambia mwanafunzi kwamba viini ni mawe. Mimi napendekeza 'nishati ya mwingiliano', na 'tuli' tuliachie jiwe la rafuni. Istilahi hutangulia hesabu akilini mwa mwanafunzi. Ikipotoka, hesabu nayo itamchanganya.