Chuma na Bakteria Husafisha Maji ya Chini

Uchafu wa choo ukiingia kisimani twajua la kufanya: kuchemsha maji au kutia dawa ya klorini. Lakini kuna sumu ambayo klorini haiiondoi. Ni trikloroethilini, dawa ya kuosha grisi kwenye vyuma. Ikimwagwa chini hupenya hadi kwenye maji, hukaa miaka mingi, na huleta saratani.

Huko Elizabeth City, Marekani, mwaka wa 1996 walichimba mtaro wa mita 46, kina mita 7, wakaujaza chembechembe za chuma. Maji yakipita humo polepole, chuma hushika kutu na klorini iliyo ndani ya sumu hung'oka.

Kwingine hutumia bakteria wasiotaka hewa, wakilishwa molasi. Nao hung'oa klorini kidogo kidogo. Wakiishia njiani, hubaki sumu mbaya zaidi.

Basi, msitupe misumari kisimani mkidhani itasaidia! Hiyo ni kazi ya wataalamu, na gharama yake ni kubwa. Kazi yetu ni hii: tusimwage thina, petroli wala oili chafu karibu na kisima. Maji yakinuka dawa, acheni kuyanywa, mwiteni afisa wa afya. Kinga ni bora kuliko tiba.