Mtoto naye huandikwa

WAHENGA walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtoto je?

Mtoto akizaliwa nyumbani Mji wa Kale, Mombasa, kisha akafariki siku ya tatu, huoshwa, husaliwa na kuzikwa upesi. Asipotokea wa kwenda kwa naibu wa chifu kuandikisha uzazi na kifo, kwa serikali ni kama hakuwahi kuwako.

Kwa hiyo hesabu hutegemea kuwauliza kina mama nyumba kwa nyumba. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 32 hufa kabla ya mwaka, 21 kati yao katika mwezi wa kwanza. Lakini hautofautishi Kibokoni na Likoni.

Daftari la vifo hueleza maradhi; la uzazi hueleza umri wa mama na mahali alipojifungulia. Yakiunganishwa, kama Uingereza ifanyavyo tangu 1975, huonekana ni wapi mkunga au dawa vyahitajika. Maisha Namba, iliyoanza 2023, imekusudiwa kumfuata mtu tangu kuzaliwa hadi cheti cha kifo.

Mzazi mwenzangu, msiba ni mzito, lakini mwandikishe marehemu wako. Huenda akamwokoa mdogo wake.